Leseni ninayo, pikipiki siwezi: kusoma hesabu ya madereva ukiwa Lupaso

Msomaji, nianze na usiku mmoja wa Desemba, kijijini Lupaso, wilaya ya Masasi.

Mtoto wa mama mdogo, wa miaka minne, homa ilimpanda mpaka akaingia kwenye degedege. Uani kulikuwa na pikipiki, Boxer, tangi lina mafuta, ufunguo unaning'inia msumarini. Binamu yangu anayeiendesha alikuwa amepeleka mzigo Masasi mjini na amelala hukohuko. Tuliobaki nyumbani tulikuwa wanawake watano na mzee mmoja ambaye macho yake yamechoka. Mama mdogo akanigeukia: "Si una leseni wewe?"

Ninayo kweli. Daraja D, niliichukua Dar es Salaam nikiwa mwaka wa pili chuoni, na usiku ule kadi ilikuwa ndani ya pochi yangu. Inaniruhusu kuendesha gari dogo la binafsi. Pikipiki sikuwahi hata kuiwasha. Tukapiga simu, tukasubiri kijana kutoka kitongoji cha pili, na kusubiri kwenyewe kulipita saa nzima. Mtoto alifikishwa, akatibiwa, na leo anasumbua watu kama kawaida. (Utauliza kuhusu 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ambao huita gari la wagonjwa, na lisipokuwepo huita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Huo ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Wetu alikuwa na miaka minne.)

Tangu usiku ule nimekuwa nikiitazama hesabu moja kwa jicho jingine. Kwenye takwimu mimi nimeshahesabiwa: jinsi, mwanamke, leseni, ndiyo. Nimeongeza moja kwenye safu ya maendeleo. Lakini pale uani hiyo moja haikuwa na kazi. Kwa hiyo leo tuulizane: idadi ya wanaume na wanawake wenye leseni hubadilikaje kadiri miaka inavyokwenda, na ukiona namba hiyo imepanda, kitu gani hasa kimepanda?

Tutoke Lupaso kidogo, kwa sababu tunahitaji nchi iliyohesabu jambo hili kwa miaka mingi mfululizo. Uingereza wana utafiti wa taifa wa safari ambao kwa miongo kadhaa umekuwa ukiwauliza watu wanavyosafiri na kama wana leseni. Mwaka 1975/76, kati ya watu wazima, asilimia 69 ya wanaume walikuwa na leseni kamili ya gari. Wanawake walikuwa asilimia 29. Ilipofika 2010, wanaume walikuwa asilimia 80 na wanawake asilimia 66. Pengo la pointi 40 limeshuka hadi 14.

Wengi wakiona namba hizi husema, "Wanawake wa Uingereza walibadilika." Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Ni wanawake gani waliobadilika?

Angalia bibi wa miaka 70 na kuendelea. Mwaka 1975/76 waliokuwa na leseni walikuwa asilimia 4 tu. Mwaka 2010 ni asilimia 41. Ukisoma haraka utadhani mabibi wa Uingereza walijaa kwenye shule za udereva wakiwa na magongo mkononi. Hapana. Rudi kwenye takwimu zilezile za 1975/76 utafute wanawake wa miaka 30 hadi 39: asilimia 48 walikuwa na leseni tayari. Wa miaka 40 hadi 49: asilimia 37. Hao ndio, miaka 35 baadaye, walioingia kwenye kundi la mabibi, leseni zao mkononi. Mabibi wa zamani hawakujifunza chochote. Walifariki, na nafasi yao ikachukuliwa na wanawake wengine waliojifunza zamani, wakiwa vijana.

Wanasayansi wa jamii wana neno kwa hili, na bahati nzuri Kiswahili kinalo tayari: rika. Mwaka 1965 mwanademografia Norman Ryder aliandika makala ambayo bado tunasomeshwa, akieleza kwamba jamii hubadilika sana kwa njia ya marika kupokezana. Kila rika hupita kwenye ujana katika dunia yake, hujifunza ya dunia hiyo, kisha huyabeba hadi uzeeni.

Kwa mtu wa Masasi au Newala hii si nadharia ngeni. Huku, Mmakua, Myao, Mmakonde au Mmwera, ukimuuliza mzee umri wake mara nyingi hatakutajia mwaka. Atakuambia aliingia jandoni na nani. Bibi atakuambia alichezwa unyago mwaka gani wa njaa au wa mavuno makubwa, na akina nani walitoka naye. Watu hao hubaki kundi moja maisha yote, hata mmoja akiwa na wajukuu kumi na mwingine hana hata mmoja. Ryder angewaelewa mara moja.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Namba hizi ni za mfano, nimezitunga ili tuone mashine inavyofanya kazi ndani.

Chukua kijiji chenye wanawake 500, mia kwa kila rika: wa miaka ya ishirini, ya thelathini, ya arobaini, ya hamsini na ya sitini. Mwaka 2005 wenye leseni ni 6 kati ya wale wa miaka ya ishirini, 3 wa thelathini, 1 wa arobaini, na huko juu hakuna. Jumla 10 kati ya 500, yaani asilimia 2. Tuweke sharti gumu: hakuna mwanamke anayechukua leseni baada ya kuvuka miaka ya ishirini. Asiyepata ujanani hapati tena.

Mwaka 2015 wa sitini wametoka, kila rika limepanda ngazi moja, na mabinti wapya wanaoingia wana leseni 12. Jumla ni 12, 6, 3, 1, 0: ishirini na mbili. Mwaka 2025 mabinti wapya wana 20. Jumla ni 20, 12, 6, 3, 1: arobaini na mbili, asilimia 8.4. Leseni za wanawake kijijini zimezidi mara nne, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyebadili uamuzi wake.

Endelea. Tuseme baada ya 2025 mambo yanasimama kabisa, kila kundi jipya la mabinti linabaki na 20 kati ya mia. Hesabu haisimami. Mwaka 2035 jumla ni 61, mwaka 2045 ni 78, na itafika 100, yaani asilimia 20 kwa kila rika, mwaka 2065 tu. Miaka 40 ya "maendeleo" kwenye grafu, wakati vijana wenyewe waliacha kubadilika mwaka 2025. Wastani wa watu wazima wote ni kama mwanga wa nyota: unaouona leo uliondoka kule zamani. Ukitaka kujua kinachoendelea sasa, waache watu wazima wote kwa pamoja, tazama walio na miaka 20 hadi 25.

Wamarekani walipofanya hivyo walishtuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Michael Sivak na Brandon Schoettle, walilinganisha vijana wa Marekani wa miaka 19: mwaka 1983 wenye leseni walikuwa asilimia 87.3, mwaka 2010 walikuwa asilimia 69.5. Ukitazama nchi nzima leseni zilizidi kuwa nyingi, ukitazama vijana zilikuwa zinashuka. Mwaka huohuo wa 2010 wanawake wenye leseni kule walikuwa milioni 105.7 na wanaume milioni 104.3. Wanawake wamewapita. Na hata hapo sehemu ya sababu ni ya kawaida sana: wanawake huishi muda mrefu zaidi, na bibi mwenye leseni anaendelea kuhesabiwa baada ya mume wake kuzikwa.

Lakini rika si nguvu pekee. Zipo tatu, na huchanganyikana.

Ya kwanza ni umri wenyewe. Watu wengi huchukua leseni wakiwa vijana, wapate kazi, wapate hela kidogo. Uzeeni macho yanapungua, wanaacha kuihuisha. Ya pili ni rika, tumeshaiona. Ya tatu ni kipindi: jambo linalowapiga watu wa umri wote kwa wakati mmoja. Mfano safi kuliko yote ni Saudi Arabia, ambako wanawake waliruhusiwa kuendesha kuanzia tarehe 24 Juni 2018. Siku moja kabla, hakuna mwanamke wa umri wowote aliyeruhusiwa kuendesha. Baada ya hapo binti wa miaka 20 na mama wa miaka 50 wanaweza kukaa darasa moja la udereva. Hapo hakuna kusubiri marika yapokezane.

Kuzitenganisha nguvu hizi ni kazi yenye mtego wa kihesabu, nao ni mdogo mpaka unachekesha: mwaka wa leo ukitoa mwaka wa kuzaliwa, unapata umri. Ukijua viwili, cha tatu kimeshajulikana. Kwa hiyo huwezi kumpata mtu wa umri uleule, wa rika lilelile, katika mwaka tofauti. Hayupo. Kompyuta yoyote utakayoipa namba hizo tatu pasipo maelezo ya ziada itakupa jibu, na jibu linaweza kuwa lolote. Inabidi uingie kwenye historia, uulize ni nini hasa kilitokea mahali pale. (Wenzangu wa takwimu, msinirushie mawe, najua kuna mbinu. Zote zinaanza na mtu kuamua jambo fulani kutoka nje ya namba.)

Basi turudi Masasi, tuulize historia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ndiyo tunayoitumia, haimkatazi mwanamke kuendesha chochote. Hatukuhitaji siku ya 24 Juni. Mbona basi madereva wa zamani wote uliowasikia walikuwa wanaume?

Kwa sababu hapa kwetu gari halikuja kama kitu cha familia. Lilikuja kama kazi. Enzi za ukoloni walioshika usukani walikuwa watu wa serikali, wa misheni, wa mashamba na wa kampuni za usafirishaji. Vita ya Pili ya Dunia ikawaingiza vijana wa Kiafrika jeshini, na baadhi wakarudi wanajua kuendesha na kutengeneza malori. Kisha, kuanzia 1947, ukaja mpango maarufu wa karanga wa Waingereza, ambao moja ya maeneo yake ilikuwa Nachingwea, jirani zetu hapo. Karanga zilishindwa vibaya, lakini matrekta yalikuwa yamefika na yalihitaji watu wa kuyaendesha. Kote huko walioajiriwa walikuwa wanaume. Mwanahistoria Joshua Grace ameandika kitabu kizima, African Motors, kilichotoka 2021, kuhusu magari, madereva na mafundi wa Tanzania, ukikipata kisome.

Na njia ya kuufikia usukani ilikuwa utingo. Kabla hujawa dereva unakuwa taniboi: unapakia, unashusha, unaruka na jiwe kuweka nyuma ya tairi gari likigoma mlimani, unalala chini ya lori kulinda mzigo. Baada ya miaka, siku dereva amechoka, anakuachia usukani kipande cha barabara. Shule ya udereva ndiyo hiyo. Kumbuka pia barabara yenyewe. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 (huyo Mkapa ni wa hapahapa Lupaso, alizaliwa na kuzikwa hapa), Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika lori lingeweza kukwama siku nyingi kati ya Dar na kusini. Nani angemwacha binti yake alale porini na watu asiowajua ili siku moja apewe usukani? Leseni ya mwanamume ilikuwa cheti cha mwisho cha safari hiyo. Mwanamke hakunyimwa cheti. Alikosa safari.

Halafu ikaja pikipiki.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilimiminika, na mwaka 2010 kanuni zikatolewa kuruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo. Bodaboda ikawa kazi rasmi. Hiki, msomaji, ni kipindi hasa, kama kile cha Saudi Arabia, ila kwa wanaume. Haikusubiri rika jipya likue. Kijana wa miaka 19, baba wa 35, hata mwalimu mstaafu, wote walijifunza ndani ya miaka michache ileile. Chombo kilikuja chenyewe mpaka mlangoni. Kama huna hela unachukua kwa mkataba, unapeleka hesabu kwa tajiri mpaka kinakuwa chako. Huku kwetu kuna na korosho: minada ikifanyika, fedha zikiingia kupitia chama cha msingi, utaona pikipiki mpya zikiwa bado na nailoni kwenye siti.

Hapa nina neno langu. Makabila ya kusini kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamke wa huku ana shamba, ana mikorosho, ana sauti nyumbani ambayo wageni hushangaa nayo. Lakini hela ya mikorosho ile ikigeuka pikipiki, kadi ya pikipiki huandikwa jina la mwanamume. Nimeliona hili nyumbani kwetu na kwa majirani. Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa rahisi: "Si ndiye anayejua kuendesha?" Na anajua kuendesha kwa sababu ndiye aliyepewa. Duara limefunga.

Sasa rudi kwenye kijiji chetu cha mfano. Tuwaongeze wanaume 500. Mwaka 2005 wenye leseni walikuwa 40, madereva wa magari basi. Mwaka 2025, pamoja na bodaboda, wamefika 168. Wanawake, unakumbuka, walitoka 10 hadi 42.

Mwandishi wa habari wa kwanza ataandika: leseni za wanawake zaongezeka zaidi ya mara nne. Kweli.

Wa pili ataandika: pengo kati ya wanaume na wanawake lazidi mara nne. Kweli pia, maana mwaka 2005 lilikuwa pointi 6 (asilimia 8 kutoa 2) na mwaka 2025 ni pointi 25.2 (asilimia 33.6 kutoa 8.4).

Wa tatu: miaka 20, hakuna kilichosogea. Kweli tena! Mwaka 2005 wanawake walikuwa 10 kati ya wenye leseni 50, asilimia 20. Mwaka 2025 ni 42 kati ya 210. Asilimia 20.

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amechagua kigawanyo chake. Ukisikia takwimu ya leseni redioni, swali la kwanza liwe: asilimia ya nini? Ya wanawake wote, au ya wenye leseni wote? La pili: leseni ya daraja gani? Maana wale 42 wengi wao ni kama mimi, daraja D, walijifunzia mjini, na wale 168 wengi wao ni daraja A, wapo kijijini na chombo chao. Kuwajumlisha ni kama kujumlisha embe na magunia.

Kuna swali la tatu ambalo watu wa takwimu hulisahau lakini kila mtu wa kijiweni analijua: leseni si kuendesha. Nenda vijiji vya ndani uwaulize vijana wangapi wana leseni. Utachekwa kwanza. Wapo walioendesha miaka sita, wanapakia mishikaki abiria watatu, hawajawahi kuishika leseni. Si ukaidi mtupu. Unahitaji namba ya mlipakodi, cheti cha shule ya udereva, kufaulu majaribio ya polisi wa usalama barabarani, halafu ada ya kadi yenyewe, ukijumlisha nauli na siku ulizoacha hesabu ya tajiri. Anayeendesha kati ya shamba na mnada wa kijiji haoni trafiki wiki nzima. Anayekwenda lami Masasi mjini anamkuta, na huyo ndiye anayetafuta leseni.

Kwa hiyo hesabu ya leseni hupima pia umbali kati yako na lami. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Usishangae leseni zikipanda kwenye vijiji vya kandokando yake bila dereva hata mmoja kuongezeka. Watakuwa walewale, wamekutana na trafiki.

Ungeweza kusema, sawa, acha marika yapokezane, mabinti wa leo watafika tu. Hapa ndipo siwezi kukubali kirahisi. Tumeona hesabu: kwa mwendo wa rika ni miaka 40. Na kila mwaka wa kusubiri una milango inayofungwa. Soma tangazo la serikali la nafasi ya Dereva Daraja la II: kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, uwe umeifanyia kazi mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Halijaandikwa "mwanamume". Ila ule mwaka mmoja wa uzoefu, kijana anaupata kwa kushika deiwaka kwenye fuso ya mtu anayemfahamu. Binti wa Lupaso aliyefaulu kidato cha nne ataupata wapi? Utingo uleule umebaki ndani ya tangazo, umevaa suti.

Lakini yupo mtu mmoja aliyenifanya nisikubali kwamba rika ndiyo hatima. Desemba ileile nilikaa kijiweni asubuhi nzima nikihesabu pikipiki zinazopita, mpaka nikachoka. Aliyeshika usukani akiwa mwanamke alikuwa mmoja: afisa ugani wa kilimo. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na yeye alipata yake.

"Nilipewa kabla sijajua hata breki iko wapi," aliniambia. Alikuwa na miaka 37. Alijifunza jioni kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, watoto wakimshangilia kila anapoanguka. Baada ya wiki tatu alikuwa anakwenda kwa wakulima peke yake, na leseni akaifuata Masasi.

Mwweke kwenye hesabu yetu. Nilikuwa nimetoa sharti kwamba hakuna mwanamke anayepata leseni akishavuka miaka ya ishirini. Yeye amelivunja kwa wiki tatu. Kilichobadilika si mila, wala rika, wala "mtazamo wa jamii" tunaoupenda sana kwenye ripoti. Chombo kilikuja mkononi mwake, kwa jina la kazi yake, na hakuna binamu aliyekuwa na haki ya kukichukua. Ni kipindi kilekile kilichowapata wanaume wa bodaboda, ila kimemfikia mwanamke mmoja mmoja. Mimi nasoma hivi: mwendo wa polepole wa leseni za wanawake unaonyesha zaidi vyombo viko mikononi mwa nani kuliko moyo wa wanawake ukoje. Hoja hii inaweza kupimwa. Tukiona wanawake wa miaka 30 na 40 wakipata leseni kwa mkupuo mahali ambako wauguzi, walimu au vikundi vya kina mama wamepewa pikipiki, na sehemu nyingine hapana, basi ni chombo. Tukiona mabinti wadogo tu wanaongezeka kila mahali sawasawa, nitakuwa nimekosea, ni rika. Jedwali lenye "wanaume" na "wanawake" pekee haliwezi kutuamulia. Tunahitaji mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa leseni ya kwanza, na daraja.

Jambo moja aliloongeza, ambalo sikulitegemea: kilichomsaidia zaidi ni baiskeli. Utotoni aliruhusiwa kuchukua baiskeli ya mjomba kubeba madumu ya maji, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na mtoto wa kiume wa umri ule. Mizani ya mwili alikuwa nayo tayari; kilichobaki kilikuwa gia na klachi. Dada zake wadogo waliozaliwa baada ya kaka hawakuwahi kuigusa, na mpaka leo wanaogopa kukaa mbele.

Ninalo ombi dogo. Ukiwa nyumbani, andika kila mtu mzima kwenye mstari wake: jinsi, mwaka aliozaliwa, mwaka aliojua kuendesha chochote (baiskeli ihesabu), mwaka wa leseni kama anayo, daraja lake, na jina lililo kwenye kadi ya chombo. Familia ishirini zikifanya hivyo, tutaona marika na vipindi kwa macho, bila programu yoyote. Mstari wangu nimeshaujaza: mwanamke, baiskeli hapana, leseni daraja D, chombo hana. Wa mama mdogo nimeuacha wazi sehemu moja. Tangu Januari, jioni, jua likipoa, binamu anamwachia Boxer kwenye uwanja wa mpira, na wiki iliyopita alinitumia video akiwa gia ya pili.